Jamani, Mahakama ya Paris Haikumsafisha Mtu

Juzi nimetoka kortini hapa Malindi jua la saa saba likiwaka, faili kwapani, nikapanda tuktuk niende zangu Shela. Nyuma ya tuktuk pamebandikwa farasi wa Ferrari, rangi ya manjano imeshapauka kwa jua na chumvi. Dereva, kijana mdogo, akanitazama kwenye kioo, akaona koti jeusi na ukosi mweupe, akajua leo kampata mtu.

"Mama wakili, nikuulize. Huyu Briatore si korti ya Ufaransa ilisema hakufanya kitu? Sasa Massa bado ashitaki watu kwa lipi?"

Nimeulizwa hivyo barazani. Nimeulizwa harusini, sahani ya pilau mkononi. Nimeulizwa na mteja ambaye kesi yake ya mpaka wa shamba ilikuwa inaitwa dakika ile ile. Kwa hiyo leo naandika, na kuanzia kesho atakayeniuliza nitamtumia linki nile pilau yangu.

Kwingine hili lingekuwa swali la wapenda magari tu. Malindi ni habari za mtaa. Flavio Briatore, Muitaliano aliyekuwa mkuu wa timu ya Renault kwenye langalanga (Formula One), kwetu si sura ya kwenye televisheni, ni mtu wa Lion in the Sun, hoteli ya hapa hapa, na ukikaa kahawani hukosi mtu wa kukwambia binamu yake aliwahi kufanya kazi pale. Wengine Kiitaliano chenyewe wamejifunza kwa kubishana na wageni juu ya Ferrari. Ndiyo maana kila mtu ana hukumu yake tayari.

Kisa chenyewe nakipitia mbiombio. Tarehe 28 Septemba 2008, Singapore, langalanga ya kwanza kukimbizwa usiku. Fernando Alonso wa Renault alianza wa 15, akaingia piti, pale magari yanapotia mafuta na kubadili matairi, mapema mno, mzunguko wa 12. Punde tu baadaye mwenzake wa timu, Nelson Piquet mdogo, akalibamiza gari ukutani kona ya 17. Gari la usalama, linalowapunguza wote mwendo, likatoka, na kwa kanuni za mwaka ule piti ilifungwa kwanza. Waliokuwa hawajatia mafuta wakanasa, Alonso akajikuta mbele, akashinda. Felipe Massa wa Ferrari, aliyekuwa akiongoza, akaingia piti na kutoka na bomba la mafuta likining'inia kwenye gari, akamaliza wa 13 bila pointi. Msimu ulipoisha Lewis Hamilton alikuwa na 98, Massa 97.

Mwaka uliofuata Piquet, aliyeachishwa na Renault, aliiambia FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kwamba ajali ile ilipangwa. Mwishowe timu haikubisha. Tarehe 21 Septemba 2009 Baraza la FIA likakaa Paris. Renault ikapewa adhabu ya kufungiwa, ila ikasimamishwa kwa miaka miwili isitekelezwe. Briatore, mkuu wa timu, akafungiwa bila kikomo. Pat Symonds, mhandisi, miaka mitano. Piquet akapata kinga kwa kuwa ndiye aliyesema, na Alonso akaonekana hakuwa na habari.

Briatore na Symonds wakaenda mahakamani Paris. Tarehe 5 Januari 2010 mahakama ikasema adhabu zile hazikuwa halali. Hapo ndipo Malindi nzima ilipofunga kitabu na kwenda kulala.

Fungueni tena kitabu. Swali lililokuwa mbele ya mahakama ile halikuwa "nani alipanga ajali". Hakuna jaji aliyekaa kumsikiliza Piquet, akamhoji, akapima nani anasema kweli. Swali lilikuwa: enyi FIA, mamlaka ya kumfungia mtu huyu mmeyatoa wapi, na mlimhukumu vipi?

La mamlaka ndilo tamu. Shirikisho la michezo si serikali. Halina polisi wala jela. Nguvu yake juu yako inatoka kwenye sahihi yako: umechukua leseni yake, umekubali kanuni zake, ukizivunja litakuadhibu. Dereva ana leseni, timu ina leseni. Briatore hakuwa na leseni ya FIA. FIA ilijua hilo, ikazunguka: badala ya kumwadhibu yeye moja kwa moja, ikawaambia wenye leseni wote kwamba atakayefanya kazi naye atakiona. Mahakama ikasema huku ni kumwadhibu mtu wa nje kwa kupitia mlango wa uani, na kanuni zenu wenyewe hazina mlango huo.

Halafu kuna Max Mosley. Alikuwa rais wa FIA, uchunguzi na mashtaka yalipitia mkononi mwake, kisha akawemo kwenye baraza lililohukumu. Na mwaka ule ule wa 2009 yeye na wakuu wa timu, Briatore akiwemo, walikuwa wanavutana hadi timu zikatishia kujitoa zianzishe mbio zao. Mtu mnayegombana naye hadharani hawi mpelelezi wako kisha akakaa kitini kukuhukumu. Hata kama una kosa. *Hasa* kama una kosa, maana ndipo utakapopata pa kutokea.

Na fidia? Briatore alidai euro milioni moja. Akapewa 15,000. Symonds 5,000. Sisemi kiasi cha fidia ni ushahidi wa hatia, wenzangu wa chumba cha mawakili wasije wakanisuta. Nasema hizo ni pesa za utaratibu mbovu, si za jina lililochafuliwa bure. Anayetaka kuona fidia ya jina amtazame Piquet: timu ilimtuhumu yeye na baba yake kwamba wamebuni uongo, na Desemba 2010 ikaomba radhi mbele ya Mahakama Kuu ya London na kuwalipa.

Kipande ambacho hakijawahi kufika kahawani ni hiki. FIA ilitaka kukata rufaa, kisha Aprili 2010 pande zote zikasuluhishana. Briatore alikiri sehemu yake ya dhamana kwa wadhifa wake wa mkuu wa timu, Symonds kwa kushiriki kuutekeleza mpango, wote wakaomba radhi, na wakakubali kukaa nje ya langalanga hadi mwisho wa 2012. Someni neno "wadhifa" polepole. Kukiri kwamba jambo limetokea chini ya usimamizi wako si kukiri kwamba wewe ndiwe uliyeliagiza. Mawakili wa pande mbili hulala njaa wakilitafuta neno kama hilo. Lakini mtu aliyesafishwa na mahakama mwezi wa kwanza haombi radhi mwezi wa nne.

Sasa, nikieleza hivi, kuna mtu wa pili huinuka. Huyu ndiye anayenipandisha presha zaidi. "Aaa, kumbe aliponea kwa teknikaliti tu."

*Tu?*

Sheria ya Kenya ingemfikisha pale pale. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinasema anayekuamulia lazima awe na mamlaka, asiwe na upendeleo, na akusikilize. Kwa kawaida jaji anayefanya mapitio hatazami kama uamuzi ulikuwa sahihi. Anatazama kama ulifikiwa kwa njia sahihi. Akiubatilisha, mnarudi pale mlipokuwa kabla ya uamuzi. Hamrudi pale mlipokuwa kabla ya kosa. Wenye mamlaka wanaweza kuanza upya wakitaka, safari hii kwa adabu. Hapo katikati mtu si mwenye hatia wala si msafi, ni mtu ambaye hajahukumiwa. Najua hali hiyo haina jina zuri la kutajia kwenye kahawa.

Kisha ananitupia Ibara ya 159, kwamba mahakama zitende haki bila kubanwa mno na utaratibu. Ndugu yangu, ile inamwokoa aliyekosea fomu, aliyesahau kubandika karatasi, aliyeandika tarehe vibaya. Haimwokoi hakimu aliyekuwa pia mlalamikaji. Ingawa, nikisema kweli, mpaka kati ya karatasi na haki hauko wazi kama ninavyojifanya. Nimeshaona shauri moja likifa kwa sababu ya hati ya kiapo yenye kasoro, na jingine lenye kasoro ile ile likipita. Wiki moja nilikuwa upande uliofaidika, wiki nyingine upande uliolia. Hoja zangu zote mbili zilikuwa kali.

Ngoja niwape kisa cha nyumbani. Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu. Miaka kadhaa nyuma nahodha mmoja wa kule alifungiwa miaka mitatu kushindana mashua, akidaiwa kumgonga mwenzake makusudi kwenye boya la kugeukia ili mashua ya ndugu yake ipite. Singapore ndogo hiyo, ila ya tanga. Aliletewa barua bila kuitwa wala kuulizwa. Kamati yenyewe ilikuwa chini ya mjomba wa yule aliyegongwa. Akaja ofisini kwangu na barua imekunjwa mara nne, imelowa jasho. Niliandika kurasa mbili: hamkumwita, mwenyekiti ni mjomba wa mlalamikaji, na hakuna mahali alipotia sahihi kwamba mna uwezo wa kumfungia. Hatukufika popote. Kamati ikaufuta uamuzi wake yenyewe.

Nahodha akachinja mbuzi. Akawaambia watu wakili amethibitisha hakugonga. Mimi nilikuwepo, nikala biriani, nikanyamaza.

Sikuwahi kumuuliza kama aligonga. Sikuhitaji kujua ili niandike kurasa zile mbili, na mteja aliyefurahi hakatizwi furaha yake. Lakini nikimkemea dereva wa tuktuk kwa kuchanganya kubatilishwa na kusafishwa, najua nami nimewahi kukaa kwenye jamvi nikiangalia mchanganyiko huo ukipikwa.

Nina shaka nyingine pia. Tuseme FIA ingefanya kila kitu sawasawa: jopo huru, mashahidi wakahojiwa. Ingekuwaje? Ningekuwa mtetezi, Piquet ningemshika siku nzima: wewe umefukuzwa, una hasira, una kinga. Wa upande wa pili angejibu kwamba timu yenyewe ilikubali yaishe bila kupinga, na Symonds baadaye akakiri. Nadhani wa upande wa pili angenishinda. Nadhani.

Massa nampitia kwa kifupi, ingawa naye ana imani yake potofu: kwamba akishinda kesi yake ya London atapewa taji la 2008. Hesabu inashawishi. Ifute Singapore yote, Hamilton anapoteza pointi 6 za nafasi ya tatu, anabaki na 92, Massa 97. Lakini mahakama si kamati ya pointi. Massa alichodai ni pesa, kama pauni milioni 64, pamoja na tamko kwamba FIA ilikosea. Kilichomwamsha ni mahojiano ya Bernie Ecclestone, aliyekuwa bosi wa biashara ya langalanga, mwaka 2023, yaliyoonyesha kwamba yeye na Mosley walijua mambo msimu ule ule wa 2008 na wakanyamaza. Mosley alishafariki 2021, hawezi kujibu. Novemba 2025 Jaji Robert Jay aliyatupa baadhi ya madai, ombi la tamko likiwemo, akaacha dai la njama liendelee kusikilizwa.

"Lakini miaka kumi na tano imepita, si kesi imeoza?" Swali zuri, kwa mara moja. Uingereza ukomo wa kawaida wa madai kama hayo ni miaka sita. Kwetu, Sura ya 22, miaka sita kwa mkataba na mitatu kwa madhara. Ila ukweli ukifichwa kwa makusudi, saa haianzi kuhesabu mpaka uugundue, au mpaka ulipopaswa kuugundua kama ungekuwa macho. Vita vyote vimo kwenye hilo "ulipopaswa". Maana mwaka 2009 dunia nzima ilishajua ajali ilipangwa. Massa anasema hakujua kwamba *wakubwa* walijua mapema. Ningepewa faili hilo upande wowote ningelichukua, ila nisingemwahidi mteja kitu. Tena kuna lile bomba la mafuta: hasara ilitoka ukutani kwa Piquet au mkononi kwa mafundi wa Ferrari?

Yote haya sikumaliza kumweleza kijana. Tulifika Shela, akasema, "Kwa hiyo Briatore alishinda," nikampa mia mbili yake nikashuka. Briatore mwenyewe tangu 2024 yuko Alpine, timu iliyotokana na Renault ile ile. FIA nayo ilijifunza, ikaanza kuwataka wakubwa wa timu wasajiliwe kwake, ili safari nyingine mlango wa mbele uwepo.

Na nahodha wangu? Mwezi uliopita amenipigia simu. Siku hizi yeye ndiye yuko kwenye kamati ya mashua, na anataka kumfungia kijana mmoja.

"Mwanangu," akaniambia, "niandikie kanuni ambazo hata wewe hutaweza kuzivunja."

Nimemwandikia. Kifungu cha kwanza: kila nahodha na kila mwenye chombo atie sahihi kabla ya kupewa namba ya tanga. Cha pili: mwanakamati mwenye ndugu mashindanoni atoke nje. Akakisoma cha pili, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama shemeji ni ndugu.