Krediti kwa umahiri: walichofanya New Hampshire, Maine na Vermont

Tangu mwaka 1906, sekondari za Marekani zimezoea kuhesabu elimu kwa saa. Mwanafunzi akisoma somo kwa takribani saa 120 na kufaulu, anapata krediti moja, yaani pointi anayokusanya ili ahitimu. Kipimo hiki kilienea kwa msukumo wa Wakfu wa Carnegie, ambao uliwalipa pensheni maprofesa wa vyuo vilivyokubali kukitumia. Kuelewa kwa mtoto hakukuwa hoja.

New Hampshire ndiyo iliyothubutu mapema. Kanuni zake za mwaka 2005 zilizitaka sekondari zote zitoe krediti kwa umahiri, yaani kwa kile mwanafunzi alichothibitisha anakijua, si kwa saa, ifikapo mwaka wa masomo 2008/2009. Aliyeelewa asonge mbele, ambaye bado aongezewe muda na msaada, na ujuzi uliopatikana nje ya darasa, kwa mfano karakanani, uhesabiwe pia. Mwaka 2015 serikali ya shirikisho iliziruhusu wilaya chache za shule za jimbo hilo kutumia kazi za vitendo badala ya mtihani wa jimbo katika baadhi ya madarasa. Walimu waliziandaa kazi hizo pamoja na kuzisahihisha kwa vigezo vya pamoja. Kwangu mimi, hapo ndipo mageuzi yalipopata uti wa mgongo.

Maine ilipitisha sheria mwaka 2012: diploma apewe aliyethibitisha umahiri. Lakini kila wilaya iliachwa ijiamulie umahiri ni nini. Alama za 1 hadi 4 ziliwachanganya wazazi, walioogopa pia kwamba vyuo vingewakataa watoto wao, ingawa vyuo kadhaa vya New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani yalipo majimbo haya, vilitamka rasmi kwamba havitawabagua. Walimu walielemewa. Mwaka 2018 bunge la jimbo liliondoa ulazima huo. Inaniuma, kwa sababu wazo lenyewe halikuwa na kosa. Lilitangulizwa kabla ya watu wa kulibeba kuandaliwa.

Vermont nayo, kwa sheria ya mwaka 2013, ilitaka kila mwanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12 awe na mpango wake binafsi wa kujifunza.

Mzazi ambaye mtoto wake anasoma katika shule ya namna hii asiishie kwenye namba ya ripoti. Mtoto akiletewa 3, omba uone kazi iliyompatia 3 hiyo, kisha umuulize mwalimu kazi ya 4 ingekuwaje. Mwalimu aliyeandaliwa vizuri atakuonyesha zote mbili.