Kupe si wa ng'ombe peke yake

"Kupe ni wa ng'ombe, sisi wa Nairobi tuna shida gani naye?" Kliniki husikia hivyo mara nyingi. Lakini kupe wa mbwa anakaa humo humo uani, na aliyepanda vilima vya Ngong Jumapili anaweza kurudi na mwingine ndani ya soksi. Ndigana kali, inayoua ndama, ndiyo haimpati binadamu. Homa ya kupe inampata.

Dhana inayoumiza watu zaidi ni kwamba kila homa ni malaria au taifodi. Wiki moja hivi baada ya kuumwa na kupe, mwili unachemka, kichwa na misuli vinauma, mtoki unavimba kinenani. Mtu ananunua dawa ya malaria dukani. Isipofaa, anahamia ya taifodi. Kumbe jibu liko mwilini mwake: kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, kama pameunguzwa na sigara, kwapani, kiunoni, nyuma ya goti au katikati ya nywele. Hakimuumi sana, kwa hiyo hakitaji. Daktari wa familia anayeshuku atakuomba uvue nguo akitafute. Atakuuliza ulitembea wapi na kama unafuga mbwa. Malaria ataipima pia, hasa kama umetoka Kisumu au Pwani. Akiona homa na kigaga hicho, hangoji maabara, maana vipimo vya damu siku za kwanza mara nyingi havionyeshi kitu. Anaanza antibiotiki iitwayo doksisaiklini, kwa mtu mzima miligramu 100 mara 2 kwa siku, na homa huanza kushuka baada ya siku 2 au 3. Ile amoksilini iliyobaki kabatini haiwezi vimelea hivi. Mwambie daktari kama una mimba.

Ukimkuta kupe ameng'ang'ania ngozini, mafuta taa, kiberiti, Vaseline: acha vyote. Mshike kupe kwa kibano chembamba, karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumsokota. Osha kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha.

Wengine husoma habari za Lyme, ugonjwa mwingine unaoenezwa na kupe, wakaja kudai dozi moja ya antibiotiki ya kujikinga. Ushauri huo ni wa Marekani, kwa kupe wa kule. Hapa, asiye na dalili hapewi antibiotiki. Anaandika tarehe na kujichunguza wiki 2. Ila ukipata homa na kutokwa damu puani au kwenye fizi baada ya kuumwa na kupe au kuchinja mnyama, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uwaambie mapema ili wahudumu nao wajikinge.