Bwawa la ujana na viti vya Nzuguni

Mbukwenyi, salamu ya Kigogo hiyo. Jumamosi iliyopita niligeuka mtafsiri wa kibanda umiza. Wazee wa kikundi changu cha mazoezi hapa Nzuguni, Dodoma, walichoka kunisikia nikiitaja "ile sinema ya wazee" kila tukikutana, wakataka waione wenyewe. Nikaazima projekta, tukatundika shuka jeupe ukutani, nikakaa pembeni natafsiri sentensi moja moja huku bibi mmoja akinikaripia: "Ongeza sauti, mwanangu, hatujaja kukuangalia midomo."

Sinema yenyewe ni Cocoon, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Ron Howard. Wazee watatu wa makazi ya wastaafu kule St. Petersburg, jimbo la Florida, wana mchezo wa kujipenyeza kwenye nyumba ya jirani isiyokaliwa ili waogelee bwawani kwa siri. Siku moja wanakuta chini ya maji vitu kama mayai makubwa ya mawe. Ndani yake wamo viumbe wa sayari nyingine walioachwa baharini tangu zamani sana, na wenzao waliowafuata wameyatia maji nguvu ya uhai ili wasife. Wazee wakiogelea humo, wanatoka wanarukaruka kama ndama.

Hapo Nzuguni nzima ikaangua kicheko. Mzee mmoja akasema sisi hapa Dodoma hata maji ya kunywa tunayapata kwa mgao, hawa wenzetu wana ya kurudishia ujana!

Kazi yangu ni fiziotherapia: magoti, nyonga, watu waliopigwa na kiharusi. Sinema hii naipenda, ila inachanganya mambo mawili ambayo kila wiki nayatenganisha mbele ya wagonjwa. Inachukulia kwamba ujana na nguvu ni kitu kimoja.

Nianze na ujana. Joe, mmoja wa wale watatu, ana saratani. Baada ya kuogelea, daktari wake anapima na haioni tena. Seli zetu hazifanyi kazi hivyo. Mwaka 1961 mwanasayansi Leonard Hayflick alionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu, zikikuzwa maabara, hujigawa kama mara 40 hadi 60 kisha zinakoma. Zisizojua kukoma zipo, nazo ni za saratani: zile zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks huko Marekani mwaka 1951 zinajigawa maabara hadi leo, ilhali mama mwenyewe alifariki mwaka huohuo. Halafu mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akazirudisha seli za panya kwenye hali ya kiinitete kwa kuziongezea jeni 4, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Lakini seli ikirudishwa nyuma hadi mwisho huku iko ndani ya mwili, inasahau kama ilikuwa ini au msuli, na inaota uvimbe. Kwa hiyo maji yanayorudisha ujana na kufuta saratani kwa mpigo mmoja yanasukuma gari mbele na nyuma kwa wakati uleule.

Sinema inajua jinsi habari kama hiyo inavyosambaa. Wakazi wengine wa makazi wanapopata fununu, wanalivamia bwawa wote kwa pamoja, nguvu inakwisha, na kiumbe mmoja anakufa. "Loliondo!" akasema mtu gizani, na kila mmoja akaelewa: kijiji cha Samunge, mwaka 2011, kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, foleni ya magari isiyo na mwisho. Nikataka kuongeza neno la kitaalamu, lakini mzee aliyekaa mbele yangu akanitangulia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alilala njiani siku mbili akiwa na mkewe mgonjwa. Nikameza neno langu. Mtu anayekimbilia bwawa si mjinga, ana mgonjwa.

Nguvu ni habari nyingine. Baada ya miaka 30 misuli hupungua kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka 10, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Watu wanasikia hapo wanadhani ni hukumu. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wao kwa wazee wa makazi ya kutunzia wazee, wastani wa umri miaka 90, waliofanyishwa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Unene wa msuli wa paja uliongezeka kama asilimia 9 tu. Tazama tofauti hiyo! Sehemu kubwa ya nguvu mpya haikutoka kwenye nyama mpya. Mishipa ya fahamu ndiyo iliyojifunza upya kuuamsha msuli uliokuwepo siku zote, umekaa tu kwa kutotumwa.

Ndiyo maana nasema wale wageni wa angani wamepewa sifa isiyo yao yote. Kabla hawajafika, wazee wale walikuwa tayari wanaogelea, wako watatu, wanataniana, na wanaogopa kukamatwa. Maji ya kufika kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wako, goti linapumua. Kwa mgonjwa wa magoti ningeandika cheti cha bwawa kesho asubuhi, kama lingekuwepo.

Sisi tuna viti. Zoezi letu kuu ni kusimama na kukaa, mikono imekunjwa kifuani, sekunde 30, nami nahesabu. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufikisha mara 10, namuweka kwenye orodha ya wanaoweza kuanguka, na kwenye umri huo kuanguka huweza kuvunja nyonga. Bibi aliyekuwa akinikaripia alianza na 4. Juzi alifika 9, akadai nimemwibia moja. (Anayetumia dawa za presha asikurupuke: akishasimama atulie kidogo ndipo apige hatua. Na msibane pumzi.)

Kilichozua ubishi ni Bernie, mzee mwingine wa makazi yale, anayekataa kuingia majini na kumkataza mkewe Rose. Rose anapofariki, anambeba hadi bwawani, amechelewa. Wanawake wakamlaani, wanaume wakamtetea kwamba kila mtu na siku yake. Mimi nililaumu zaidi makazi yale, yalivyojaa watu walioketi tu.

Mwishoni wazee wanapanda chombo waende sayari ya mbali wasikokufa, na Ben, mmoja wa wale watatu, anamuaga mjukuu wake. Nikasimamisha picha nikauliza nani angepanda. Mzee wa Loliondo akasema angepanda kama wanaruhusu mbuzi. Bibi yangu wa 9 akatikisa kichwa.

"Wao waende zao tu, watuachie bwawa. Tunyweshee ng'ombe."