Amri ya kujifungia ndani si hukumu ya kifo

Kila kiwanda cha kemikali kinapowaka moto, mtaa mmoja ukaambiwa uhame na wa pili ujifungie ndani, nasikia lalamiko lile lile: "Wenzetu wameokolewa, sisi tumeachwa tufe." Nimelisikia tena wiki hii na safari hii sinyamazi. Kazi yangu ni kupanga hatua za dharura kwa watu wanaoishi jirani na viwanda, na mara nyingi amri ya kubaki ndani ndiyo inayookoa wengi zaidi.

Kumbukeni Bhopal, India, usiku wa kuamkia 3 Desemba 1984. Haukuwa moto, tangi la kiwanda cha viuatilifu lilivuja takriban tani 40 za methili isosianati, kemikali yenye sumu kali. Watu waliamka macho yakiwawasha, wakatoka mbio, wengi wakielekea kule kule upepo ulikopeleka gesi. Anayekimbia huhema sana, na kila pumzi ilikuwa sumu. Siwalaumu hata kidogo. Hawakuwa wameambiwa kiwandani mna nini wala wafanye nini.

Nyumba iliyofungwa hubadilisha hewa yake polepole, kwa hiyo wingu likipita kwa nusu saa, kinachopenya ni kidogo. Funga madirisha, zima feni na kiyoyozi, ziba chini ya mlango kwa nguo mbichi. Klorini, gesi ya sumu inayotumika sana viwandani, ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa: panda ghorofani, usishuke chini. Kitambaa chenye maji puani husaidia kiasi kwa klorini na amonia. Kwa kaboni monoksidi, gesi ya moshi isiyo na harufu, hakisaidii kitu.

Sasa lile linaloniudhi, maana hata watoa amri hulisahau. Gesi iliyoingia polepole hutoka polepole pia. Wingu likishapita, hewa ya nje husafika kabla ya ile ya ndani, na kuanzia hapo nyumba iliyokukinga ndiyo inayokushikilia na sumu. Lazima ufungue kila kitu na utoke. Tangazo la kufungua ni la haraka sawa na lile la kufunga, lakini nimeona mipango mingi ambayo hailitaji kabisa! Na moshi ukidumu saa nyingi, hewa ya ndani huishia kufanana na ya nje. Hapo kuhama kunahitajika kweli, kwa kuukata upepo ubavuni, si kuufuata.

Kosa lingine ni kupima hatari kwa ukubwa wa miali. Moshi wenye joto kali hupaa na huweza kupita juu ya vichwa vya majirani. Miali ikififia na maji yakimwagwa, moshi hupoa na kutambaa. Huko Conyers, jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 29 Septemba 2024, maji yaligusa kemikali za kampuni ya BioLab za kutibu mabwawa ya kuogelea, ambazo zikilowa kidogo tu hupata joto, hutoa klorini na huweza kuwaka. Watu wapatao 17,000 waliamriwa kuhama na wengine wapatao 90,000 wakaambiwa wabaki ndani. Miali ilidhibitiwa siku hiyo hiyo, lakini harufu ya klorini iliendelea kwa siku kadhaa. Usiku ndio ulisumbua zaidi, kwa sababu hewa ikipoa hutulia na kuushusha moshi chini.

Vitabu huzungumzia nyumba zilizozibwa vizuri dhidi ya baridi. Nyumba yenye uwazi kati ya ukuta na paa haikingi hivyo. Wakazi wake ningependa wahamishwe mapema, kabla moshi haujafika; ukishafika mlangoni bado nawaambia wabaki ndani, ila kwa uhakika mdogo zaidi. Tena kipimo cha hewa hunasa gesi kilizotengenezewa tu, na ghala lenye kemikali mchanganyiko hutoa moshi unaobadilika kila mara. Anayechora mpaka kwenye ramani anakisia kwa sehemu kubwa. Wakazi waambiwe hivyo waziwazi, pamoja na kitakachofanya mpaka usogezwe. Wakiambiwa "msiwe na hofu" tu, watapigiana simu na kukimbia, na wana haki.

Kwa hiyo kiulizeni kiwanda jirani yenu leo: kinahifadhi nini, king'ora kipi ni cha kuhama na kipi ni cha kujifungia, na nani atatangaza kwamba sasa fungueni madirisha. Hilo la tatu msikubali kuondoka bila jibu lake.