Kano ya goti ikikatika baada ya miaka 50: nani apasuliwe?

Ni kano ipi hiyo?
Ni ACL, kano ya msalaba ya mbele, iliyo katikati ya goti. Huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Wengi huikata wakigeuka ghafla huku unyayo umekita chini: unasikia "pa!", kisha goti linavimba ndani ya saa chache.

Nina miaka 57. Si nimeshazeeka kwa upasuaji?
Umri peke yake si kizuizi. Cha kuuliza ni kama goti linaachia, yaani linalegea ghafla, unaposhuka ngazi au kugeuka. Kama haliachii, anza na mazoezi tiba kwa miezi 3. Wengi wa umri huu huishia hapo na hawapasuliwi. Jambo la pili ni gegedo, utando laini unaofunika ncha za mifupa gotini. Likiwa limelika hadi mifupa inasagana, kano mpya haitaondoa maumivu hayo, na mazungumzo yanahamia kwenye goti bandia. Kwa hiyo omba eksirei ipigwe ukiwa umesimama; ukilala, nafasi kati ya mifupa huonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kano mpya inatoka wapi?
Kwa kawaida kwenye mwili wako. Daktari huchukua kano mbili za nyuma ya paja, huzikunja zifikie unene wa milimita 8 hivi, huzipitisha kwenye matundu aliyotoboa mfupani na kuzibana. Anaweza pia kukata ukanda wa kano iliyo chini ya pia ya goti, ila huo huacha maumivu ya kupiga magoti. Anayesujudu kila siku aliseme hilo mapema.

Nini huharibu kazi nzuri?
Mto chini ya goti. Unastarehesha, lakini goti linazoea kukunjika na mtu anabaki akichechemea. Weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti lining'inie na kunyooka lenyewe, dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Linyooke kabisa ndani ya wiki 2 za mwanzo.

Kipindi kingine cha hatari ni wiki ya 6 hadi ya 12. Maumivu yameisha, kumbe kano ndiyo kwanza dhaifu, maana mwili bado unaijenga upya. Michezo ya kugeukageuka isubiri miezi 9 au zaidi.

Mwenye kisukari aidhibiti sukari kabla ya kupasuliwa, kwani ikipanda kidonda huambukizwa kwa urahisi.

Lini nikimbilie hospitali?
Shavu la mguu likivimba na kuuma, kifua kikibana, au kidonda kikitoa usaha. Usiku huohuo.