Ndege ya abiria "inaona" kila ndege iliyo karibu? Sio hivyo

Wengi wanaamini ndege ya abiria ina mtambo unaoona kila kitu angani, kwa hiyo ikinusurika kugongana na ndege ya jeshi basi lazima rubani alizembea. Inaeleweka, maana mtambo upo kweli na umeokoa watu.

Ila haufanyi kazi kama macho. Unarusha mawimbi ya redio kuuliza, ndege nyingine inajibu kwa kifaa kinaitwa transponda, ndo unajua iko umbali gani na juu kiasi gani, halafu ikibidi unamwambia rubani panda au shuka. Sasa ndege ya jeshi ikizima transponda mtambo haupati jibu lolote, kimya kabisa, na hata rada ya ardhini ikiinasa mara nyingi haijui iko juu kiasi gani. Hapo ndo naona hatari kubwa ilipo. Mkataba wa Chicago wa 1944 ni wa ndege za kiraia, lakini kifungu cha 3 kinazitaka nchi zijali usalama wa ndege hizo zinapotunga sheria za ndege za serikali, za jeshi zikiwemo.

Pia sio kila kupishana ni hatari, tofauti ya futi 1,000 (kama mita 300) juu na chini ni ya kawaida kabisa japo ukiwa dirishani inatisha.

Habari kama hizi zikitoka, tafuta ripoti ya uchunguzi uangalie: transponda ilikuwa imewashwa? Zilipishana kwa futi ngapi? Apu za kufuatilia ndege nazo zinategemea transponda, so ndege kutoonekana humo haimaanishi haikuwepo.