Kwa nini kanisa la mbao la Borgund halijaoza

Kazi yangu ni kukagua majengo ya kale ya mbao, na kitu cha kwanza ninachotazama ni miguu ya nguzo. Jengo la mbao huanza kufa huko. Ndiyo maana kanisa la Borgund, katika bonde la Lærdal magharibi mwa Norway, nalistahi kuliko makanisa mengi makubwa ya mawe. Pete za ukuaji wa miti zinaonyesha kuwa mbao zake zilikatwa majira ya baridi ya 1180–81.

Makanisa ya mbao yaliyolitangulia nchini humo yalikuwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini. Aliyewahi kung'oa nguzo ya uzio mkongwe anajua kilichotokea: juu nzima, chini unga. Mafundi wa Borgund hawakuchimbia kitu. Walipanga mawe, wakalaza juu yake boriti nne nene, mbili zikikatiza nyingine mbili, kisha wakasimamisha nguzo juu ya fremu hiyo. Unyevu wa ardhi haukuzifikia tena. Kuta ni mbao za wima, ukingo wa moja umechongwa uingie kwenye mfereji wa jirani yake.

Ndani, inua macho. Kati ya nguzo na nguzo kuna mbao zilizopishanishwa kwa umbo la X, na ndizo zinazozuia jengo lisiyumbe. Nje, mapaa yamepandana ngazi kwa ngazi, yamefunikwa vigae vya mbao, na ukumbi mwembamba unazikinga kuta na mvua. Vichwa vya majoka juu ya paa hupigwa picha sana, lakini sifa kubwa naipa lami ya msonobari: bila kupakwa tena na tena, ufundi wote huo usingefika leo.

Adui mkubwa hakuwa mvua. Sheria ya 1851 ilitaka kila kanisa litoshe sehemu tatu ya kumi ya wakazi wa parokia, na mengi ya aina hii yakabomolewa kwa kuwa madogo. Yamebaki 28 tu. Borgund walijenga kanisa jipya kando yake mwaka 1868, na 1877 la zamani likanunuliwa na chama cha Norway cha kuhifadhi mambo ya kale.

Warekebishaji wa karne hiyo waliondoa dari na madirisha yaliyoongezwa baadaye. Giza la ndani lilirudi, na mfumo wa nguzo ukaonekana wote. Hata hivyo, dirisha moja kati ya hayo ningeliacha. Nalo lilikuwa historia ya waumini wale.